Gundi ya maboksi inagoma asubuhi, mchana inashika vizuri. Tatizo ni joto la mashine au gundi yenyewe?

#1 FundiRola
Wakuu habari. Naomba msaada kwa wanaofanya kazi viwanda vya maboksi au wanaojua mambo ya stimu (mvuke). Mimi ni opareta wa kolugeta, ile mashine ya kutengeneza bodi za maboksi, hapa Arusha, tunatoa bodi za plai tatu na plai tano (tabaka tatu na tano za karatasi), gundi ni ya wanga wa mahindi tunapika wenyewe. Tangu baridi ya mwezi wa 6 ianze shifti ya asubuhi imekuwa kilio. Tukiwasha saa 12, upande wa singo feisa (pale karatasi ya mawimbi inapobandikwa kwenye karatasi bapa ya kwanza) unashika vizuri kabisa, ila laina (karatasi bapa) ya upande wa dabo baka, pale inapobandikwa ya pili, ukiiinua na ukucha inabanduka yote nzima nzima, karatasi haichaniki hata kidogo, na kwenye ncha za yale mawimbi ya katikati unaona unga mweupe mkavu. Bodi yenyewe inatoka imelegea, ukiishika ina unyevu. Ikifika saa 4 au saa 5 hali inarudi sawa bila mtu kugusa kitu. Geji ya stimu inasoma bar 10 muda wote. Meneja anasema gundi mbovu, jamaa wa jiko la gundi anasema boila, mtu wa boila anasema karatasi. Nani mkweli hapo?

#2 MzeeWaBoila
Mtu wa boila msimwonee. Ila mkuu hiyo geji usiiamini peke yake, geji inakwambia presha, haikwambii joto la chuma. Usiku mkizima, stimu iliyobaki ndani inapoa inakuwa maji na hewa inanyonywa kuingia kwenye mabomba na kwenye zile sahani za moto za dabo baka. Asubuhi mkifungua stimu ile hewa inabaki imenaswa ndani, geji inapanda bar 10 vizuri tu lakini sehemu ya hiyo presha ni ya hewa, na hewa haipashi kitu. Angalia stimu trapu zako, zile vali za kutoa maji bila kuachia stimu. Trapu ikiziba maji yanajaa chini ya sahani, hapo hata uweke bar 12 utapata sahani vuguvugu. Kwanini mchana inashika? Kwasababu hewa inatoka kidogo kidogo na maji yanapungua.

#3 KiboshoMoja
Mimi naona tatizo ni mwinuko jamani. Arusha iko juu kama mita 1,400 huko, maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, hayafiki 100 kama Dar. Kwahiyo stimu yenu haina joto la kutosha, kiwanda kama hicho kingewekwa pwani msingepata shida.

#4 BintiMkemia
KiboshoMoja hapana kaka. Hilo la sufuria ya wazi ni kweli, ila kwenye boila iliyofungwa hesabu ni nyingine. Stimu ya bar 10 kwenye geji ukiwa pwani ni karibu digrii 184. Ukipanda Arusha hewa ya nje inapungua kama bar 0.15 tu, kwahiyo joto la hiyo stimu linashuka kwa chini ya digrii moja. Hiyo haiwezi kubandua boksi la mtu.

Turudi kwa FundiRola. Huo unga mweupe ni wanga ambao haukuiva. Gundi ya kolugeta ya mtindo wa Stein Hall, ilianza Marekani miaka ya 1930, kabla ya hapo viwanda vingi vilikuwa vinatumia gundi ya siliketi, ina vitu viwili ndani yake. Kuna wanga kidogo uliopikwa tayari na kostiki soda, huo kazi yake ni kubeba. Halafu kuna wanga mwingi mbichi unaelea humo. Ule mbichi unatakiwa uivie palepale kwenye ncha ya wimbi, kati ya karatasi mbili, ndani ya sekunde chache. Wanga wa mahindi mtupu unaiva kwenye digrii 62 mpaka 72, kostiki inaushusha uive mapema kidogo, viwanda vingi wanalenga 60 mpaka 64. Joto la kwenye mstari wa gundi lisipofika hapo unabaki unga.

Lakini kuna njia ya pili ya kupata unga uleule mweupe, nayo ni joto KUZIDI. Karatasi ikiwa imekaushwa sana inanyonya maji ya gundi kabla wanga haujaiva, na wanga bila maji hauivi hata uuchome. Kwahiyo kabla hujaita fundi niambie, bodi ikitoka ukishika ni ya moto au ya baridi?

#5 FundiRola
@BintiMkemia asante. Ni vuguvugu tu, hata mkononi haiunguzi. Mchana ikitoka huwezi kuishikilia muda mrefu.

#6 MzeeWaBoila
Basi kesi imeisha, stimu trapu.

#7 JikoLaGundi
Mzee usifunge kesi haraka 😄 na sisi wapishi tuna neno. Mkuu tenki lako la gundi asubuhi liko digrii ngapi? Gundi ya wanga inatakiwa ikae 35 mpaka 40 hivi. Ikilala usiku mzima Arusha ya mwezi wa 7 asubuhi unaikuta ishapoa vibaya, na gundi ikipoa inakuwa nzito hasa kama umeweka boraksi nyingi. Nzito maana yake rola inabeba filamu (tabaka jembamba la gundi) isiyoeleweka, huku imejaa huku haipo. Halafu hata hiyo iliyobebwa imeanzia mbali, ina safari ndefu kufika 62 kuliko gundi iliyoanzia 38. Singo feisa haioni tofauti sana sababu pale karatasi inagandamizwa kwenye rola ya moto kwa nguvu, ila dabo baka huwezi kugandamiza utavunja mawimbi, joto linapita taratibu kutoka chini. Ndo maana upande wa dabo baka unaumwa wa kwanza.

Ni kama kusonga ugali na maji baridi, unga utamwaga wote na bado unapata uji.

Chukua kikombe cha Stein Hall, kile chenye tundu chini, pima gundi inatumia sekunde ngapi kushuka asubuhi na upime tena saa 5. Usiponiletea tofauti nitanyamaza.

#8 ThikaRodi
Sisi huku Thika mwezi wa saba ni hivyo hivyo, ukungu mpaka saa nne. Kwetu haikuwa stimu wala gundi, ilikuwa makaratasi. Rimu (yale maroli makubwa ya karatasi) zilikuwa zinawekwa store ya mabati, mlango wazi usiku kucha, asubuhi zinapandishwa kwa mashine zikiwa baridi kama vile zimetoka nje, na zimevuta unyevu. Karatasi yenye unyevu mwingi inakula joto kabla gundi haijapata chochote, kwa sababu lazima yale maji yapashwe kwanza. Tulichofanya ni kuingiza rimu za asubuhi ndani karibu na mashine kuanzia jioni, na kuongeza mzunguko wa karatasi kwa prihita, ile silinda ya kupasha kabla ya gundi. Ikapungua sana. Sijasema iliisha.

#9 Kolugeta_Dar
Dar hatuna baridi na bado asubuhi tunapata hiyo kitu. Elezeni hiyo.

#10 MzeeWaBoila
@Kolugeta_Dar nimeshaeleza post namba 2. Hewa kwenye mabomba haina cha Dar wala Arusha.

#11 SpidiGavana
Mnaruka jambo la spidi. Asubuhi opareta akitaka kufidia muda anaikimbiza mashine kabla sahani hazijapata joto. Bodi inakaa juu ya sahani muda mfupi. Joto ni jambo la digrii NA muda, sahani ya digrii 170 ukiipita mbio unaweza ukapata mstari wa gundi wenye 55 tu. FundiRola mnaanza na spidi gani? Na upande mwingine, mkisimama kubadilisha rimu bodi inabaki juu ya sahani inakauka, gundi inakuwa kioo, ukikunja inapasuka inaachia. Hizo ni bodi mbili tofauti zenye ugonjwa tofauti lakini kwenye godauni zinawekwa palleti moja na ripoti inaandikwa "gundi haishiki".

#12 FundiRola
Wakuu nimerudi na vipimo. Leo asubuhi nimetumia ile bunduki ya kupima joto, rola za singo feisa zimesoma 97, nimeshtuka. Sahani za dabo baka zimesoma 141 sehemu moja, nyingine 118. Gundi kwenye tenki 24. Kikombe asubuhi sekunde 61, saa 5 ilikuwa 43. Spidi tulianza mita 80 kwa dakika.

#13 KiboshoMoja
Rola 97?? Hapo sasa niambieni tena kuhusu mwinuko. Maji yanachemka 95, rola 97, si ndo hapo hapo!

#14 BintiMkemia
😂 kaka hiyo imetokea tu. FundiRola, rola za kolugeta zimepakwa kromu zinang'aa, na bunduki ya infraredi kwenye chuma kinachong'aa inadanganya, inasoma chini sana ya ukweli kwasababu chuma hicho kinatoa mnururisho kidogo na bunduki yenyewe imepangiwa vitu vyenye uso wa kawaida. Rola ingekuwa 97 kweli hata singo feisa isingeshika, na wewe umesema inashika vizuri. Tumia themomita ya kugusa, ama zile kalamu za nta zinazoyeyuka kwenye joto maalumu. Sahani za dabo baka nazo zimesuguliwa na bodi miaka mingi zinang'aa, kwahiyo hizo 141 na 118 usizichukulie kama digrii kamili, ila TOFAUTI kati ya sahani mbili za chuma kilekile ina maana.

Bunduki itumie kwenye karatasi. Pima laina pale inapotoka prihita kabla haijakutana na gundi, hapo itakwambia ukweli.

#15 MzeeWaBoila
Tofauti ya 23 kati ya sahani na sahani. Trapu. Nasema tena trapu.

#16 JikoLaGundi
Gundi digrii 24, sekunde 61. Nasema tena gundi. Weka jaketi la maji ya moto kwenye tenki au koili ndogo, na pampu izungushe gundi nusu saa kabla ya kuwasha mashine. Ila usiweke stimu moja kwa moja ndani ya tenki, kuna kiwanda walifanya hivyo gundi ikafika 50 na kitu ikaanza kuivia ndani ya bomba, waliitoa kwa fimbo. Hapo ndipo watu wengi wanaelewa vibaya neno joto, gundi inataka joto lakini si popote, ikiiva kabla ya kufika kwenye karatasi ni hasara kubwa kuliko isipoiva.

#17 Mwanamajichai
Naomba kuuliza kitu pembeni kidogo. Maji ya visima vya huko kwenu si yanajulikana kwa floraidi na magadi? Mnapikia gundi maji gani?

#18 FundiRola
Kisima cha kiwanda. Kwani yanahusiana?

#19 BintiMkemia
Swali zuri sana hilo. Floraidi sidhani kwa kiwango hicho. Ila hayo maji ya kuzunguka Meru yana baikaboneti nyingi ya sodiamu, na baikaboneti inakula kostiki. Unapima kostiki yako kilo zilezile kama resipi ilivyosema, lakini sehemu inamalizwa na maji kabla ya kugusa wanga, kwahiyo joto la kuiva linapanda badala ya kushuka. Resipi iliyotengenezewa maji mengine inaweza ikakupa gundi inayoiva 67 badala ya 62. Mchana mashine ikiwa ya moto hutaona tofauti, asubuhi joto likiwa kwenye ukingo ndo unaona. Pima mwenyewe: gundi kidogo kwenye kopo dogo, lining'inize kwenye maji ya moto, koroga polepole na themomita, angalia digrii inapoanza kukaza ghafla. Kazi ya dakika 10.

#20 ThikaRodi
Hii sasa imekuwa shule. Dada we ni wa chuo gani 😄

#21 MuscatKaka
Mimi niko Oman eneo la Rusayl, kiwanda cha maboksi pia. Kwetu ni kinyume chenu kabisa. Mwezi wa 6 mpaka wa 8 nje inapita 40, gundi ikilala wikiendi inaoza, unafungua tenki harufu ya uchachu inakupiga, na ukipima kikombe imekuwa maji. Bakteria wanakula wanga. Huwezi kuiokoa hata ukiongeza unga, tunamwaga, tunaosha mabomba yote, tunaanza upya na dawa ya kuua bakteria. Kwahiyo FundiRola hiyo sekunde 43 yako ya saa 5 usishangilie haraka, hakikisha imeshuka kwasababu ya joto si kwasababu inaoza. Inusie.

#22 JikoLaGundi
@MuscatKaka umenena. Ila kwa baridi ya Arusha kuoza usiku mmoja sidhani.

#23 MuscatKaka
Usiku mmoja sawa. Jumatatu je?

#24 Foda_Gluwa
Na sisi wa upande wa kukunja na kugundisha mbavu za boksi mtukumbuke. Huku tunatumia gundi nyeupe ya maji, PVA, na mashine nyingine hotimelti, gundi ya kuyeyushwa kwa moto. PVA nayo ina baridi yake, chini ya digrii fulani, nyingi ni kati ya 5 na 15 kutegemea aina, haitengenezi ngozi, inakauka inakuwa unga mweupe unaofutika kwa kidole. Mtu anaongeza gundi nyingi akidhani ni kidogo, kumbe anazidisha maji na inachelewa zaidi. Hotimelti nayo watu wakiona haishiki wanapandisha thamostati, kutoka 170 kwenda 190 kwenda 200, gundi inaungua ndani ya tenki inakuwa nyeusi, makaa yanaziba chujio na nozo, halafu wanalaumu nozo. Wakati tatizo ni katoni yenyewe kuwa ya baridi. Tone la hotimelti likigusa karatasi baridi linaganda juujuu kabla halijaingia kwenye nyuzi, ukibandua linatoka zima limekauka kama lilivyowekwa. Dawa ni kupunguza muda kati ya nozo na mgandamizo, au kupasha katoni.

#25 SpidiGavana
Foda_Gluwa hilo la kupandisha thamostati nimeliona mpaka nimechoka. Na ukizima bila kushusha joto, gundi inakaa inachemka chakula cha mchana chote.

#26 ParachichiNjombe
Samahani wataalamu mimi ni mteja tu, napakia parachichi Njombe za kwenda nje. Mnavyobishana mimi naelewa kitu kimoja, maboksi yangu yalifika pakihausi yameshika vizuri kabisa, tumepaki, tumeingiza chumba cha baridi digrii 6, baada ya siku chache maboksi ya chini yanalala. Ukivuta, laina inatoka. Mwenye kiwanda anasema yalitoka kwake salama. Sasa hapo gundi ni ya joto au ya baridi?

#27 BintiMkemia
Pole ndugu. Hapo adui mkubwa ni unyevu kuliko baridi yenyewe. Chumba kile kina unyevu asilimia 85 mpaka 95, bodi inavuta maji, na boksi kwenye hali hiyo linaweza kupoteza nusu ya nguvu yake ya kubeba au zaidi hata gundi ikiwa nzuri. Halafu gundi ya wanga wa kawaida inalegea ikilowa. Kwa matunda na maua inatakiwa iongezwe rezini ya kuzuia maji. Ulipoagiza uliwaambia ni ya chumba cha baridi?

#28 ParachichiNjombe
Niliwaambia ni ya parachichi.

#29 ThikaRodi
Hapo ndipo watu huumia. Huku kwa maua ya Naivasha order bila kuandika "cold room" inatolewa gundi ya kawaida, na hakuna mtu amekosea kwa karatasi. Andika.

#30 Kolugeta_Dar
Lakini pia inawezekana boksi lake lilikuwa na ugonjwa wa #1 tangu kiwandani, wanga nusu umeiva nusu mbichi, ukiwa mkavu unashikilia kidogo, ukipata unyevu unaachia. Chukua kipande, loweka maji mpaka kiachane chenyewe, kisha dondoshea ayodini ile ya zahanati iliyozimuliwa. Wanga unageuka bluu nyeusi. Utaona mistari ya gundi yote, kama imekatika katika, kama mmoja mnene mmoja mwembamba, kama upande mmoja wa bodi haina kabisa. Nimemaliza mabishano mengi na mteja kwa hiyo chupa ndogo.

#31 FundiRola
Wakuu nimefanya mengi mliyosema. Themomita ya kugusa: rola za singo feisa 176, hazina shida. Sahani za dabo baka saa 12 na nusu, tatu za mwanzo 158, 155, 157, mbili za mwisho 121 na 126. Saa 5 hizo mbili zimefika 149. Laina ikitoka prihita asubuhi 58, mchana 81. Gundi nimeipima kwenye kopo imekaza kwenye 66. Na ayodini inaonyesha mistari upande wa opareta ni myembamba kuliko upande wa mota, asubuhi na mchana.

#32 MzeeWaBoila
121 na 126. Sina la kuongeza. Fungua trapu za hizo sahani mbili kesho.

#33 BintiMkemia
Gundi 66 ni juu mzee. Ingekuwa 62 pengine hata hizo sahani mbili za baridi zisingeonekana. Ongeza kostiki kidogo kidogo, na upime maji.

#34 JikoLaGundi
Na mbona hamsemi kuhusu mistari myembamba upande wa opareta? Hiyo haihusiani na stimu wala maji. Ni nafasi kati ya rola ya gundi na ile ya kupunguza, haiko sambamba. Rola ikipata joto chuma kinatanuka nafasi inabadilika, ukiiseti ikiwa baridi unakuwa umeseti kitu kingine kabisa. Seti ikiwa ya moto.

#35 ThikaRodi
Laina 58 asubuhi 81 mchana kwa prihita ileile? Hiyo ni karatasi baridi. Rimu zinalala wapi FundiRola?

#36 FundiRola
Godauni la nyuma. Mabati.

#37 ThikaRodi
😎

#38 SpidiGavana
Na bado hajajibu kwanini wanaanza na mita 80.

#39 FundiRola
Mita 80 ni amri ya juu mkuu, hiyo siwezi kuigusa. Fundi wa trapu amesema Alhamisi. Rimu za kesho nimeshaziingiza ndani jioni hii, na tenki tumelizungushia bomba la maji ya moto kwa muda.

#40 MzeeWaBoila
Mkuu umebadilisha vitu viwili kwa mpigo na trapu ni ya tatu, ikishika hutajua kilichokuponya ni kipi. Ungeacha rimu nje mpaka Alhamisi ipite.

#41 JikoLaGundi
Mzee anaogopa ishike kabla ya Alhamisi.

#42 MzeeWaBoila
Ikishika kabla ya Alhamisi bado trapu ni mbovu, 121 ni 121. Siku baridi ikizidi au ukipewa plai tano ya karatasi nzito itarudi palepale. Plai tano joto lina ukuta mwingine wa kupita.

#43 Kolugeta_Dar
Hapo kwa plai tano nakubaliana na mzee. FundiRola ukipima kesho pima na plai tano, laina ya katikati, maana hiyo ndo ya mwisho kupata joto na hakuna bunduki inayofika pale.